Maji Yaliyomwagika Yamezoleka Yatenga

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, nasi tumelishika neno hilo toka utotoni bila ya kulitilia shaka. Lakini iko nchi ambayo wakulima wake, wengi wao wasiowahi kukalia dawati la skuli, wameyazoa maji yaliyomwagika na kuyarudisha chini ya ardhi, hata visima vilivyokuwa vikikauka vikapata maji tena. Nchi hiyo ni Burkina Faso, ile iliyokuwa ikiitwa Volta ya Juu hadi 1984, na jimbo lenyewe ni Yatenga, huko kaskazini, ambako majani huanza kuisha na jangwa la Sahara kukaribia.

Huenda msomaji akauliza: Yatenga na Mwambao, wapi na wapi? Nami nitamjibu kwa kumtuma Malindi. Kila Mto Sabaki ukifurika, bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa kama matofali, na wageni wa mahoteli hununa kwa kuwa hawawezi kuogelea. Rangi ile ni udongo wa mashamba ya watu wa bara na wa nyika, umechukuliwa na maji ambayo yangalikaa huko huko yangaliotesha mahindi. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 sehemu kubwa ya nchi yetu ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na watu wa Ganze, Kinango na Tana River wakaiona mifugo yao ikianguka mmoja mmoja. Kisha ikaja vuli ya 2023, ikanyesha mvua hata barabara zikakatika na Mto Tana ukatapika maji yake mashambani. Tuliswali Istiskaa kuomba mvua, na haukupita muda tukawa twaomba ituhurumie. Maji yote yale yalipita mbele ya macho yetu yakielekea baharini.

Shida ya Yatenga ni hiyo hiyo, ila ya kwao ni kali zaidi. Mvua kule hunyesha kama miezi minne tu, kuanzia Juni hadi Septemba, na miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Ukame mkubwa wa 1968 hadi 1973 uliwapiga watu wa ukanda ule wote wa Saheli, na kabla hawajapona ukaja mwingine wa 1983 na 1984. Jamaa nzima nzima zilifunga mizigo zikahamia kusini. Ardhi waliyoiacha ilikuwa imekufa. Wenyeji, ambao ni Wamossi, wana jina la ardhi ya namna ile. Huiita zipelle, yaani uwanda mkavu usiomea kitu, uliojifunga juu kwa gamba gumu kama sakafu. Mvua ikiipiga haiingii. Huteleza juu yake, ikakusanyika, ikawa mkondo, ikachimba korongo na kwenda zake. Kwa hivyo mtu anaweza kufa kwa kiu kwenye nchi iliyonyeshewa mvua wiki iliyopita. Hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulitambui tukisikia neno ukame. Hudhani kwamba mvua haikuja, ilhali mara nyingine ilikuja ikakuta mlango umefungwa.

Aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika kuufungua mlango huo ni marehemu Yacouba Sawadogo, wa kijiji cha Gourga karibu na mji wa Ouahigouya. Alizaliwa 1946. Alipokuwa mtoto alipelekwa nchi jirani ya Mali kusoma Kurani, na skuli ya kizungu hakuijua. Aliporudi akawa mfanyibiashara, akiuza vipuri vya pikipiki kwenye soko la Ouahigouya, na biashara ilikuwa nzuri. Basi watu walipokuwa wakiyakimbia mashamba kwenda mjini, yeye aliuacha mji akarudi shamba. Walimwona hana akili. Walipomwona anachimba vishimo kiangazi, kwenye ardhi inayorudisha jembe, shaka yao ikawaisha.

Vishimo vile huitwa zai. Neno hili, kwa lugha yao ya Moore, latokana na maana ya kudamka mapema na kuharakia kulitengeneza shamba. Mimi kama mtu wa mashairi lilinipendeza neno hilo kabla sijakijua kishimo chenyewe. Na hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo, nikumbushe kwamba Kiswahili nacho kina haki yake katika elimu hii. Matuta ya Machakos, ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, yanajulikana kwa mabingwa wa dunia kwa jina la fanya juu, na jina hilo wameliandika vitabuni mwao vivyo hivyo bila ya kulitafsiri. Na wakulima wetu wa majani ya ng'ombe wana mashimo yao wanayoyaita tumbukiza. Kwa hivyo asije mtu akatwambia kwamba kuchimba shimo la kuzuilia maji ni jambo la kigeni.

Turudi Gourga. Zai haikubuniwa na Sawadogo. Wazee wa Yatenga walikuwa nayo, lakini walikuwa wakichimba vishimo vidogo kwenye vipande vichache vya ardhi mbaya, na mtindo wenyewe ulikuwa umekwisha kusahauliwa. Alichofanya yeye ni kuvikuza vishimo, kuvichimba kiangazi badala ya kungoja mvua, na kutia ndani yake samadi na majani makavu. Kishimo kina upana wa shibiri moja au moja na nusu, na kina cha sentimita 10 hadi 20. Samadi ile huwaita mchwa. Sisi tukimwona mchwa twamwona adui, mla boriti na mla vitabu; kule yeye ni kibarua asiyelipwa. Mchwa hutoboa vijia chini ya kishimo, wakalivunja lile gamba kwa ndani, na mvua ya kwanza ikinyesha maji huingia kwenye vijia hivyo yakashuka. Mkulima hupanda mtama au mawele ndani ya kishimo, na mmea ukawa na chakula chake na maji yake mahali pamoja. Hata mvua ikikatika wiki mbili tatu, kishimo bado kina unyevu.

Katika samadi mlikuwa na mbegu za miti, nazo zikamea. Mkulima mwingine angaliing'oa michipukizi ile kama magugu. Sawadogo aliiacha, akaitunza, akaongeza mingine, na miaka ikapita. Msitu aliouacha una ukubwa wa karibu hekta 40, wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka, kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wameikatia tamaa. Katika miaka ya mwanzo walitokea watu wakautia moto. Aliupanda tena.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kazi hii ni rahisi. Hekta moja huchukua maelfu ya vishimo, zaidi ya 10,000, na kuvichimba huchukua saa za kazi kama 300. Anayechimba saa tano kwa siku, basi hiyo ni miezi miwili ya jembe juani. Samadi nayo yataka ng'ombe au mbuzi, na asiye na mifugo ataipata wapi? Tena zai ni ya ardhi iliyojifunga, si ya mchanga. Mtu wa Kikambala akichimba zai kwenye mchanga wake wa minazi atakuwa anajichosha bure. Lakini pale panapofaa, malipo yake yaonekana msimu ule ule: ardhi ambayo haikuwa ikitoa hata punje moja ilitoa kilo 300 hadi 400 kwa hekta mwaka wa mvua haba, na mwaka mzuri ikapindukia kilo 1,500.

Jambo ninalotaka hasa tulizingatie ni namna elimu hii ilivyoenea. Toka 1984 Sawadogo alikuwa akiitisha soko shambani kwake mara mbili kwa mwaka. Soko la kwanza lilikuwa baada ya mavuno. Wakulima walikuja na mbegu za nafaka zilizofanikiwa kwenye zai zao, wakaziweka kwake akiba. La pili lilikuwa kabla ya mvua, wakaja kuchagua mbegu watakazopanda. Hapo katikati walikuwa wakiangalia, wakiuliza, wakibishana, wakipapasa udongo kwa vidole. Kufikia 2000 walikuwa wakija watu wa vijiji zaidi ya 100. Mkulima mwingine, Ousseni Zoromé, alianzisha 1992 alichokiita skuli ya zai, kwenye uwanja wa changarawe kando ya barabara, ili kila apitaye aone. Miaka isiyofika kumi baadaye skuli za namna hiyo zilikuwa zaidi ya 20. Na alikuwako wa tatu ambaye mtindo wake ulikuwa ni kumfuata mkulima mmoja shambani kwake mwenyewe, wakachimba pamoja, kwa sharti kwamba naye akishajua atawafundisha wengine.

Aliyesoma chuoni anaufahamu mpango huu bila ya kuelezwa. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na mwalimu mmoja na watoto wapatao arubaini kwenye baraza moja. Mwalimu hakuwafundisha wote. Aliwafundisha wakubwa, wakubwa wakawafundisha wa kati, na wa kati wakatushika mkono sisi wadogo wa alifu na be. Hukupandishwa sura mpaka umeisoma uliyo nayo, tena mbele ya watu, na ukikosea kila mtu amekusikia. Hatukupewa karatasi ya kuthibitisha kwamba tumehudhuria. Tulichotoka nacho kilikuwa ulimini.

Sasa linganisha na mafunzo yetu ya siku hizi. Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha kuwafundisha wakulima namna ya kustahimili ukame, nikiwa mwandishi wa habari. Kilifanywa kwenye hoteli ya ufukweni. Wakulima waliletwa kwa basi kutoka nyika, wakapewa kalamu na daftari, wakaonyeshwa picha ukutani kwa siku mbili, na nje ya dirisha mpira wa maji ulikuwa ukinyweshea nyasi za hoteli mchana kutwa. Hapakuwa na jembe hata moja. Siku ya mwisho zikatolewa shahada na posho ya nauli, tukapigwa picha. Simlaumu mkulima aliyekwenda kwa ajili ya posho. Nauli ya kweli alikuwa ameitoa. Namlaumu aliyedhani kwamba shimo huchimbwa kwa maneno.

Hata wageni walipokwenda Yatenga, waliofaulu ni wale waliokubali kufundishwa kwanza. Shirika la Oxfam lilianza kazi huko 1979 kwa nia ya kupanda miti. Wakulima waliwasikiliza, wakaitazama njia ya kuzuia maji kwa ajili ya miti, wakasema: maji haya tuyapeleke kwenye mtama. Mradi ukageuka ukafuata matakwa yao. Wakulima walikuwa na desturi yao ya zamani ya kupanga mawe mashambani ili kupunguza kasi ya maji, lakini ardhi ya Yatenga ina mteremko mdogo mno, jicho haliwezi kuutambua. Safu ya mawe ikipinda kidogo maji hukusanyika upande mmoja yakavunja, na madhara yakazidi faida. Wataalamu walikuwa na vyombo vya bei kubwa vya kupimia. Ikatafutwa pimamaji ambayo mkulima anaweza kuimiliki, nayo ilikuwa ni mpira wa plastiki unaoonekana ndani, wenye urefu wa mita kumi na kitu, uliofungwa kwenye miti miwili yenye alama. Tia maji ndani. Mtu mmoja ashike mti huu na mwingine ule, na maji yatasimama sawa pande zote mbili. Palipolingana alama, hapo ndipo mlalo ulipo, weka jiwe. Bei yake ilikuwa dola chache, na mkulima asiyejua kusoma alijifunza kuitumia kwa siku moja au mbili.

Wasomaji wa Mombasa na Lamu wamekwishatabasamu, kwani mpira huo wameuona kila nyumba inapojengwa. Fundi mwashi wa Kwale anautumia kila siku kulinganisha msingi, na huenda asijue kwamba mkononi mwake ana chombo kilichoifufua nchi ya watu.

Na maji ya chini je? Vijiji vilivyopanga mawe na kuchimba zai, kama Ranawa, vilikuwa na visima vinavyokauka kiangazi, navyo baada ya miaka kadhaa ya kazi vikawa na maji mwaka mzima, hata watu wakaotesha mboga kando yake. Wako wasemao kwamba mvua yenyewe iliongezeka baada ya katikati ya miaka ya 1990, na hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini mvua iliyoongezeka juu ya sakafu huongeza mafuriko tu. Ni lazima pawe na mahali pa kuingilia. Habari zikavuka mpaka: 1989 wakulima 13 wa wilaya ya Illéla katika nchi ya Niger walipelekwa kutembea Yatenga. Walirudi kwao wakachimba, wao huita tassa, na 1990 ulipokuwa mwaka wa ukame wenye tassa ndio waliovuna cha maana. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumshawishi mtu.

Tena likazuka jambo ambalo halikutazamiwa. Ardhi mbovu ambayo hakuna aliyeitaka ikaanza kununuliwa Illéla, na bei yake ikapanda. Hapo ndipo panapoanza fitina. Ardhi ikiwa mfu haina mwenyewe, na ikifufuka wenyewe huwa wengi.

Sawadogo mwenyewe aliyaonja hayo. Mji wa Ouahigouya ulipopanuka, shamba lake na msitu wake vilipimwa na serikali vikakatwa viwanja vya nyumba, na mzee aliyeirudisha ardhi ile kwa mikono yake akawa hana hati ya kuonyesha. Alipata tuzo za dunia. Mwaka 2018 alipewa ile iitwayo Right Livelihood, huko Sweden, na 2020 akatajwa kuwa Bingwa wa Dunia na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi hapa, ingawa sidhani kama habari yake ilifika Mariakani. Tuzo zote hizo hazikumpa amani ya shamba. Alifariki tarehe 3 Disemba 2023, nchi yake ikiwa vitani na kaskazi yote ya Burkina Faso ikiwa imejaa wakimbizi wa ndani, walioyaacha mashamba yao kwa kuwaogopa watu wenye bunduki wanaojinasibisha na dini yetu.

Katika fiqhi mna mlango mzima wa kuhuisha ardhi mfu, ihyaul mawati. Asili yake ni hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayeihuisha ardhi iliyokufa, isiyokuwa na mwenyewe, ardhi hiyo huwa yake. Imamu Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata Mwambao huu, hakuishurutisha; kwake yeye kazi yenyewe yatosha. Sisemi mahakama za Kenya zihukumu kwa vitabu hivyo. Nasema wanavyuoni wale waliliona jambo ambalo wenye miradi ya leo hawalioni, kwamba mtu hatatoa jasho la saa 300 kwenye ardhi ambayo kesho aweza kufukuzwa.

Na pwani yetu ndiyo yenye kidonda hicho kuliko kwingi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wapeleke madai yao yaandikwe, na Wamijikenda wengi wakajikuta ni maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Sisi Waswahili, ambao baadhi ya wazee wetu walizipata hati hizo, twapenda kuyazungumza mambo haya kwa sauti ya chini. Huko nyika zaidi, nje ya maili kumi, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imewapa wenyeji njia ya kuisajili ardhi yao kwa jina lao, lakini karatasi hutembea polepole kuliko ukame. Mkulima wa nyika akiambiwa apande miti na kupanga mawe, swali lake la kwanza halitakuwa ni upana wa kishimo. Atauliza: shamba hili ni la nani? Mwalimu asiye na jibu la swali hilo ataitikiwa kwa adabu, na mkulima atapanda mahindi yake ya msimu mmoja kama kawaida, kwa sababu mahindi ya msimu mmoja aweza kuyavuna kabla hajafukuzwa.

Serikali za Kwale na Kilifi zina maafisa wa kilimo, na wakulima wenye akili hawakosekani kwenye lokesheni zao. Wako Ukambani wakulima waliokwisha chimba, ambao waweza kuja Bamba na Samburu kukaa wiki mbili wakala na wenyeji na kuchimba nao, kama wale 13 wa Illéla walivyotembezwa. Gharama yake haifiki ya hoteli. Masika yetu huanza kati ya Machi na Aprili, kwa hivyo kazi ya vishimo ni ya kaskazi, ardhi ingali kavu na watu wangali na nafasi. Afisa wa kilimo atakayepanda Bamba mwezi wa Januari na jembe begani, na ubavuni mwake afisa wa ardhi na ramani zake, atawakuta watu wa kumsikiliza. Wakingoja Aprili, watakuta maji yameshapita Malindi.